Kaburi la Mgeni

Jirani yangu hapa Dodoma hufukiza ubani kila Alhamisi jioni. Moshi wake hupenya kwenye wavu wa dirisha langu la jikoni, na siku nyingine hukutana na harufu ya majani ambayo mtu ameyafyeka nje ya uzio. Harufu hizo mbili zikichanganyika, ubani na majani mabichi, huwa naacha ninachofanya. Wapo ambao wakisikia ubani hukumbuka harusi au msiba. Mimi hukumbuka wivu, wivu wa mtoto wa darasa la tano ambaye kwao hawakuwa na kaburi.

Najua hilo linasikika ajabu, kwa hiyo nianzie mwanzo.

Tulihamia Mikindani kutoka Rahaleo, Mtwara mjini, mama yangu alipohamishiwa huko kufundisha. Baba alikuwa karani bandarini, akienda Mtwara asubuhi na kurudi jioni. Wote wawili ni watu wa Kyela, na nyumbani tulikuwa na namna ya kusema "kwetu" ambayo haikuhusu nyumba tuliyolala. Kwetu kulikuwa na mvua, ndizi na mchele unaonukia. Hapa tulikuwa kikazi. Hata kabati la vyombo mama alilipanga kama mtu atakayelifungasha mwezi ujao, magazeti yakiwa yamekunjwa kati ya sahani na sahani.

Nilikaa dawati moja na Somoe. Kwao walikaa nyumba ya mawe katikati ya mji, yenye mlango mzito na baraza iliyong'aa kwa kukaliwa na vizazi. Hayo sikumwonea wivu. Nilichomwonea wivu kilikuwa kule juu, kwenye makaburi ya zamani yanayotazama ghuba, walikolala watu wa mwanzo walioujenga mji. Yalikuwa makaburi ya mawe ya matumbawe, chokaa imebanduka, mizizi imepasua kuta. Moja lilikuwa na mnara mfupi uliokuwa umepachikwa vibakuli vya kigeni. Vibakuli vilishang'olewa zamani, yakabaki mashimo ya mviringo. Mnara huo ulikuwa wa babu mkuu wa kina Somoe, aliyekuja kwa bahari kutoka pande za Barawa na kuchimba kisima ambacho mji ulikitumia hadi mabomba yalipofika.

Kila Shaaban, kabla ya mfungo, wanawake wa ukoo wao walipita mbele ya nyumba yetu kwenda kuzuru. Walibeba mapanga, majembe, mkeka, chupa ya marashi na sufuria la ubwabwa lililofungwa kwa kanga. Somoe alibeba chetezo cha ubani. Alikibeba kwa mikono miwili, shingo imenyooka, macho mbele, na hakunitazama ingawa nilisimama palepale barazani. Waliporudi jioni walinuka ubani na majani. Kesho yake darasani alinisogezea viganja puani.

"Nusa, shoga. Majani ya kwa babu hayo."

Nilinusa. Yalinuka vizuri, na ndilo lililoniuma.

Wenzetu darasani walishaligeuza jina langu mchezo. Naitwa Tumpe, jina la Kinyakyusa la kawaida kabisa, lakini kwa Kiswahili ni kama sentensi iliyokatika. Mmoja akiita "Tumpe," mwingine hudakia "nini?" na watatu humalizia na chochote kilichopo. Tumpe uji. Tumpe kiboko. Mwaka ule walipogundua kinachonisumbua, wakapata cha kumalizia: "Tumpe kaburi."

Nikamuuliza mama, alipokuwa akichagua mchele.

"Mama, kaburi letu liko wapi?"

"Kyela."

"La hapa nasema."

"La hapa la nani? Nani amekufa hapa?"

"Hakuna."

"Basi mshukuru Mungu."

Nilijaribu kushukuru, haikuwezekana.

Ndipo mwalimu wetu wa historia akatangaza kwamba wageni wa wilaya watakuja kuutazama mji mkongwe, na darasa letu litawapeleka makaburini. Mwalimu alikuwa mtu wa Mahurunga, ambaye wazee wake walivuka Ruvuma kutoka upande wa pili. Neno kaburi alilitamka "kabuli," nasi tulishalizoea. Alisema kila kaburi kubwa litakuwa na msemaji, mwanafunzi wa ukoo wa aliyelala hapo.

Mnapaswa kujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa darasa. Kwenye ngonjera nilisimama mbele, kwenye mahafali nilisoma risala. Somoe alikuwa na sauti ya kuambiana siri, hata jina lake akiitwa huitikia kwa midomo tu. Lakini Somoe akapewa mnara. Mimi nikapewa kubeba jagi la maji ya wageni.

Siku kadhaa nilikwenda kule juu peke yangu baada ya shule, nikasoma makaburi kwa macho kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Herufi za Kiarabu sikuzijua. Nilichokuwa nacho ni masikio, na masikio yangu yaliwahi kuokota kitu. Shaaban iliyopita niliwafuata kina Somoe kwa mbali hadi kwenye ukuta, na nilimsikia bibi yake, Bi Fatu, akiwapanga wanawake kazi. Walikuwa wakielekea kwenye mnara, akawazuia kwa panga lake na kuwaonyesha kaburi la chini lililokuwa pembeni, lenye ukuta unaofika magotini.

"Mgeni kwanza," alisema. "Bwana baadaye."

Nilielewa vizuri sana. Nilielewa kama ambavyo mtoto yeyote aliyelelewa kwa adabu angeelewa. Nyumbani kwetu pia mgeni ndiye aliyepakuliwa kwanza. Mji huu, niliwaza, una heshima kiasi kwamba umemtengea kaburi mgeni mmoja asiye na ndugu, na kila mwaka wanamfyekea yeye kabla ya watu wao. Basi kama mgeni analo kaburi Mikindani, nasi tunalo.

Nikaenda kwa mwalimu. "Mwalimu, lile kaburi la mgeni halina mtu wa kulisemea. Naomba nilisemee mimi."

Alifikiri kidogo. Naye alikuwa wa kuja, hakuwa na sababu ya kujua zaidi yangu.

"Sawa," alisema. "Mgeni aseme la mgeni."

Siku ikafika. Wageni wa wilaya walikuja na viatu vyeusi vilivyopata vumbi haraka. Wazee wa mji walikuwapo, na Bi Fatu alikalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mnara, amejifunga kanga mpya. Somoe alisimama, akasema historia ya babu yake akiwa ameinamia kifua cha sare yake mwenyewe. Walio mbele walisikia "Barawa" na "kisima." Walio nyuma hawakusikia kitu. Niliyaona hayo yote, na siwezi kusema nilisikitika.

Zamu yangu ilipofika nilivuta pumzi na kunyoosha mkono kuelekea ule ukuta mfupi.

"Hapa amelala mgeni," nilisema, na sauti ikafika hadi barabarani. "Jina lake hatulijui. Kwao hatukujui. Labda alikuja hapa kikazi, akiwa na mpango wa kurudi. Alipofariki hakuwa na ndugu wa kumsafirisha. Watu wa Mikindani wakamwosha, wakamzika, wakamjengea. Na kila mwaka humfyekea yeye kwanza, kisha ndipo huenda kwa watu wao."

Mgeni mmoja mwanamama alitoa leso. Nikaongeza sauti.

"Leo nasema kwa niaba ya wote wasio na mtu hapa—"

"Nani asiye na mtu?"

Alikuwa Bi Fatu. Alishainuka, kiti cha plastiki kimeng'ang'ania kanga yake kwa nyuma.

"Mgeni, bibi," nilimjibu kwa heshima.

"Mgeni ndiyo jina lake. Mgeni. Bibi yetu huyo. Mke wa bwana wa mnara."

Nilimtazama mwalimu, naye akatazama viatu vyake. Kisha kutoka kwa wazee ikatoka pumzi ya mtu aliyejizuia akashindwa, halafu mwingine, na makaburi yote yakacheka. Bi Fatu alijaribu kukaza uso. Mdomo ulimsaliti, akaufunika na pindo la kanga, mabega yakitikisika.

"Ewe mtoto," alisema alipopata sauti, "umemfanya bibi yangu karani wa bandari. Eti alikuja kikazi."

Kama ardhi ingenipokea siku ile ningekuwa na kaburi langu na mambo yangeisha. Lakini Bi Fatu alinishika mkono, akanisogeza hadi kwenye ule ukuta, akanimalizia hadithi niliyoiharibu, mbele ya watu wote. Mgeni lilikuwa jina tu, kama langu lilivyo jina tu. Alikuja na mumewe akiwa bibi harusi. Mume alisema watauza walichobeba kisha watarudi kwao. Mgeni akajifungua mtoto, na haukupita muda akafariki. Jahazi lao lilipokuwa tayari kuondoka, mume akateremsha mizigo yake.

"Akasema namwachaje peke yake," alisema Bi Fatu. "Ndiyo tupo hapa mpaka leo. Kwa hiyo hukukosea sana, ila jina."

Wale wageni walinipa mkono mmoja mmoja. Somoe hakupewa mkono na mtu.

Tangu siku hiyo mji ulinibatiza. Nikipita sokoni nikaitwa Mgeni. Tumpe akasahaulika, na kaburi lake pamoja naye. Nikipita mbele ya nyumba ya mawe, Bi Fatu aliita kutoka barazani, "Mgeni, pita ule," nami nikapita, nikala vitumbua nikiwa nimekaa mahali palipong'aa. Somoe aliacha kuniongelesha. Alihamisha vitabu vyake hadi pembeni kabisa mwa dawati, na siku moja, akiwa na ile sauti yake ndogo ambayo safari hii niliisikia vizuri, akasema:

"Lile jina ni la kwetu."

"Sikuliomba."

"Mimi bibi hajawahi kuniita hivyo. Nimebeba chetezo tangu nina meno ya utoto, hajawahi kuniita hivyo hata siku moja."

Nilimtazama kwa mshangao wa kweli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona wivu ukiwa usoni pa mtu mwingine, na sikuutambua. Nilidhani anaumwa. Mtu mwenye mnara, kisima na bibi wawili, mmoja barazani na mmoja kaburini, angeweza vipi kunionea mimi wivu?

Tulipatana kabla ya mwaka kwisha, kama wasichana wanavyopatana, kwa sababu ya kitu kingine kabisa ambacho nimekisahau. Kisha mama alihamishwa tena. Yale magazeti kati ya sahani yalikuwa bado mahali pake, kwa hiyo kufungasha hakukuchukua muda.

Baba alifariki miaka mingi baadaye, akiwa Mtwara, alikokuwa amerudi na kubaki hadi kustaafu. Hatukukaa kujadili. Ndugu walipiga simu kutoka Kyela, gari likatafutwa, tukasafiri naye nchi nzima kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa sababu sisi tulikuwa huko kikazi na mtu wa kikazi hurudishwa kwao. Tulimzika kwenye migomba. Binamu zangu walijua kila mmoja asimame wapi. Mimi nilisimama nilipoelekezwa.

Somoe alinipigia simu nikiwa bado huko. Sauti yake haikuwa imekua. Alinipa pole, akauliza habari za mama, kisha akauliza mmemzika wapi.

"Kyela," nikasema. "Nyumbani."



"Si mngemleta huku," alisema. "Makaburi ya Wakristo yako njia ileile ya kwetu. Tungekuwa tunampitia tukienda kwa Mgeni. Panga tunalo, kazi ingekuwa nini?"

Nilimshukuru, nikakata simu, nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda cha shangazi. Utotoni nilidhani kina Somoe walikuwa wenyeji kwanza, ndipo wakawa na kaburi. Bi Fatu alinieleza mbele ya mji mzima kwamba ilikuwa kinyume chake, nami nikasikia kicheko tu. Yule bwana wa mnara alikuwa mtu wa kikazi kama baba yangu. Alichofanya ni kuteremsha mizigo.

Kyela tumempata mtu wa kumfyekea baba. Mjomba ndiye humlipa, kisha hututumia picha. Kaburi ni safi. Lakini Shaaban ikikaribia bado huwa nawaza kuhusu wale waliozikwa pembezoni mwa njia ile ya Mikindani, watu nisiowajua hata mmoja, ambao Somoe atapita kwao akiwa na panga, asimame, na kuwakatia majani bila kuombwa. Nawaonea wivu.