Nilivyolipeleka Goti Mombasa

Mimi ni mkwezi wa minazi hapa kwetu Tiwi, na goti langu la kulia limeniuma mwaka mzima. Eksrei ilipigwa, mfupa ukaonekana mzima. Ndugu yangu Hamisi, ninayekwea naye, akatangaza barazani kwamba ugonjwa wangu ni uvivu. Maneno hayo yaliniuma kuliko goti lenyewe. Basi niliposikia iko hospitali kisiwani Mombasa ambayo mashine yake ya MRI huonyesha gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayozuia mifupa isisagane, kabla halijachanika, nikaapa nitakwenda. Nikiacha minazi sina kazi nyingine. Kama goti linaharibika, nataka kujua mapema.

Dada wa hospitali aliniambia kwenye simu, "Siku ya picha, lipumzishe goti." Nikalala mapema, nikaona hapo nimelipumzisha vya kutosha.

Saa moja asubuhi nilishuka Feri, upande wa kisiwani. Wenye tuktuk wakaniita, nikawapita. Goti lililosingiziwa uvivu nilitaka litembee. Nikalitembeza mpaka Ngome ya Yesu, na hapo kijana anayezungusha watalii akanisemesha Kiingereza.

"Mimi Mdigo wa Tiwi," nikamwambia. Akacheka, akaniomba radhi.

Saa mbili nikawa mtaani Kuze, kwa mama mkubwa Zuhura, dada wa mamangu. Kuja mjini usimwamkie ni kujitafutia maneno ya mwaka mzima, naye anakaa ghorofa ya tatu, na ngazi zake zimesimama wima. Nikabisha hodi nikiwa chini.

"Karibu, mwanangu. Panda."

Nikapanda. Nikanywa kahawa kwa mahamri, nikashuka kuwaamkia majirani zake, kisha nikapanda tena kumuaga.

Saa tatu na nusu, hospitalini, fundi wa picha aitwaye Neema alinitazama nikichechemea.

"Kaka, umetembea leo?"

Ningeweza kukana. Nikamweleza yote, tangu Feri mpaka ngazi.

"Gegedu hushika maji," akasema. "Ukitembea, maji hukamuka, na picha hii hupima hayo maji. Nikikupiga sasa, tutasoma ngazi za mama yako mkubwa, hatutasoma ugonjwa wako. Kaa hapo, nyoosha mguu. Nitakupiga wa mwisho. Ukisimama, ni wiki ijayo."

Hapo nikaelewa. Ni mambo ya dafu: eksrei huona kifuu, hii yatafuta maji.

Nikakaa. Mara akaingia mzee wa kanzu na bakora, akatoa salamu, akampa kila mtu mkono. Watu wote wakasimama. Mimi nikampokea mkono nimekaa. Akanitazama kama mtoto asiyefunzwa adabu. Niliona haya kwelikweli, lakini sikuinuka.

Saa sita nikaingizwa kwenye mashine. Ilinguruma na kugonga, nami sikutikisa hata kidole. Baadaye daktari akanionyesha picha ya rangi. Gegedu karibu lote lilikuwa buluu, ila chini ya pia ya goti palikuwa na doa jekundu.

"Halijachanika," akasema. "Hapo penye wekundu limeanza kulainika. Umewahi. Usikwee miezi sita, ufanye mazoezi ya paja, kisha tulipige tena."

"Halafu nitakwea?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini ungengoja mpaka eksrei ione, ningekwambia hapana."

Jioni nilimkuta Hamisi palepale barazani. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumchoma. Nikampa picha, nikamwekea kidole kwenye doa. Akaitazama, kisha akapandisha kikoi mpaka juu ya goti.

"Langu ni la kushoto," akasema. "Tangu msimu uliopita."

 Nikampa nambari ya hospitali, na nikamwambia lile nililojifunza: kwa mama mkubwa apande baada ya picha, si kabla.