Nilimsamehe Mwanafunzi, Akalia

Mimi ni mwalimu. Watoto wanaolia kwa fimbo nimewaona wengi.

Ila mtoto kulia kwa sababu amesamehewa? Hiyo niliiona mwaka jana, hapa hapa Hanang.

Anaitwa Jenifa, alikuwa darasa la sita. Mtoto msafi, akili inachemka, salamu zake zinakufanya ujione mbunge.

Lakini ikifika siku ya mnada, anabadilika. Mara amwage ndoo ya maji makusudi, mara apige kelele darasani. Halafu anakuja ofisini mwenyewe kujishtaki.

"Shikamoo madam. Nimekosa. Naomba adhabu ya kubaki shuleni."

Siku moja alinikuta hoi.

"Marahaba. Nenda tu nyumbani, nimekusamehe."

Weee! Mtoto akang'ang'ania meza, machozi yakaanza kumtoka.

"Madam, usinisamehe! Nitafagia madarasa yote!"

Nikajua hapa kuna jambo.

Nikafunga mlango, nikammiminia uji uliobaki kwenye chupa. Sikumhoji kama polisi. Niliendelea kusahihisha madaftari yangu mpaka akafunguka mwenyewe.

"Ng'ombe wakikosa bei mnadani, baba anampiga mama. Mimi ananiambia nishike tochi."

Nikaweka kalamu chini.

"Na wakipata bei?"

"Anampiga vilevile, madam."

Sasa baba yake ni nani? Ni Bonaventura. Kiongozi wa kwaya, pombe hagusi hata kwa kunusa. Halafu ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule! Akisimama kuhutubia malezi bora, akina mama wanapiga vigelegele.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Sulle. Jina sikutaja kwanza.

"Utaratibu uko wazi," akasema. "Tunamwita mzazi."

"Mzazi ndiye anayepiga, mkuu."

"Basi tunamshirikisha mwenyekiti wa kamati."

"Mwenyekiti ndiye huyo mzazi."

Mkuu akawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Basi utaratibu umeishia hapo," akasema.

Ila nimpe haki yake. Hapo hapo akapiga simu ustawi wa jamii. Kesho yake akaja dada mmoja kutoka huko, Lucia, kimya kimya, hata walimu wengine hawakujua ni nani. Mama yake Jenifa, Kornelia, alipoulizwa kuhusu majeraha yake akasema aligongwa na mlango.

Lucia hakumlazimisha. Akatuachia maagizo: baba asiitwe, habari za mtoto zisitangazwe, na siku ya mnada awe na mahali pa kukaa.

Hivyo tukaanza kumpa Jenifa adhabu kila mnada.

Adhabu yenyewe, ambayo baba hakuijua siri yake, ni chai na mandazi ofisini kwangu, anafanya hesabu zake, kisha namsindikiza mpaka kwa shangazi yake akalale. Akisinzia darasani kesho yake, hachapwi. Mtihani aliofanya huku macho yamevimba, akapewa upya.

Na unajua nani alitupongeza? Mwenyekiti!

"Hongereni walimu," akatuambia mbele ya wazazi. "Binti yangu mmemnyoosha!"

Tukashukuru. Ungefanyaje?

Siku moja Kornelia akaja shuleni, amejitanda khanga mpaka kidevuni. Akakaa kwenye kile kiti anachokaaga mwanaye.

"Madam, hivi adhabu ya kubaki ni ya watoto tu? Wazazi hampokei?"

Akafunua mkono. Nisieleze nilichokiona.

Nikampigia Lucia. Wakaenda hospitali, wakaenda dawati la jinsia polisi, na safari hii mlango haukutajwa.

Bonaventura alikamatwa akiwa anafungua kikao cha kamati. Ajenda ya kwanza ilikuwa nidhamu.

Hapo ndipo kiliponuka. Wazazi wakaja juu: "Walimu wanavunja ndoa za watu!" Ukaitishwa mkutano, hoja ni moja tu, madam ahamishwe.

Nafika, namkuta mstari wa mbele Bibi Paskalina, mama mzazi wa Bonaventura. Bibi ambaye akikohoa kijiji kinanyamaza. Nikasema moyoni, leo ndiyo mwisho wangu.

"Shikamoo bibi."

Hakunijibu.

Akasimama na fimbo yake, akawageukia watu.

"Mnasema mwalimu huyu ameharibu nyumba ya mwanangu. Mwanangu alisoma shule hii hii. Alikuwa anachelewa, anasinzia, daftari limechanika. Walimu walimchapa mpaka wakachoka. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza nyumbani kuna nini."

Akajigonga kifuani.

"Nyumbani nilikuwepo mimi, napigwa. Yeye anaangalia."

Akaegemea fimbo yake, akaendelea.

"Polisi walikuja kuniuliza habari za Kornelia. Nimewaambia yote niliyoyaona."

Yaani shahidi wa kwanza dhidi ya Bonaventura alikuwa mama aliyemzaa!

Ndipo akanigeukia. "Marahaba, mwalimu," akasema, akakaa.

Suala la uhamisho wangu halikuguswa tena. Kesi bado iko mahakamani. Bonaventura ana dhamana, anaishi kwa kaka yake Mbulu, nyumbani kwake amekatazwa kukanyaga. Kornelia analima shamba lake. Siku hizi kengele ya kutoka ikilia, Jenifa ndiye wa kwanza getini.

Mwalimu mwenzangu, mtoto mwema akigeuka mkorofi ghafla, weka fimbo chini, mvutie kiti. Fimbo haijawahi kuambiwa ukweli na mtoto. Inaambiwa "nisamehe" tu.

Na yule usiyemuuliza leo, kesho anaweza kuwa mwenyekiti wako.