Tonge Lililokataa Kushuka

Nyie vijana mtakaosoma haya, simu wekeni chini kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikatolewa nikachunge ndama, kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha redioni akakitafute kwingine. Hapa naandika habari ya koo. Koo la mwanangu wa kwanza, na baadaye koo langu mwenyewe.

Mwanangu alikuwa anafanya kazi Mwakitolyo, kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu. Kila Jumamosi alikuja nyumbani, huku nje kidogo ya Segese, akiwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Mke wake akimpelekea maji ya kuoga humtania: "Leo nimeletewa mume au gunia la unga?"

Ilianza kama kitu cha kupuuza. Akimeza mate anashika hapa, penye shimo la shingo, anasema, "Mayu, kuna kitu kimekaa." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Nikamuuliza kinauma? Hakiumi. Kimekaa tu.

Kule karasha kila mtu ni daktari. Wenzake wakamwambia vumbi la mawe limeganda kooni, na dawa ya vumbi ni maziwa mabichi. Ndivyo wanavyoamini wote kule, wakimaliza zamu wanakunywa maziwa wajisafishe. Akanywa hadi ndama wangu wakakonda. Baadaye sana daktari alinieleza kwamba vumbi la kuvuta linakwenda mapafuni, na maziwa yanakwenda tumboni, wala hayakutani popote.

Maziwa yaliposhindwa, watu wakasema kimeo. Kwetu mtoto akikohoa ni kimeo, mtu mzima akihisi kukabwa ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kinabebeshwa makosa ya mwili mzima. Mwanangu hakuniuliza, alikuwa mtu mzima. Akamwita mama mmoja mkata vimeo, akaja na kisu chake kilichopinda kama mundu mdogo. Mwanangu akakaa kwenye kigoda, akapanua mdomo. Damu aliyotema ililowesha taulo lote. Yule mama akanawa mikono, akasema, "Cha huyu kilikuwa kirefu! Sasa mfichieni sufuria, atawamalizia ugali." Watu wakacheka. Mwanangu naye akataka kucheka, akashindwa.

Kidonda kilipona. Donge likabaki palepale.

Sasa nieleze shikome, maana wengine mmezaliwa mjini. Shikome ni moto wa uani ambapo wanaume wa nyumba hukaa jioni wakaongea, wakala pamoja kwenye sinia moja. Sisi wanawake tunakula jikoni. Ni desturi nzuri, watoto wa kiume wanafunzwa adabu pale. Lakini sinia linaficha. Mikono mingi inaingia, ugali unaisha, na aliyemeza na aliyekuwa anazungusha tonge vidoleni wote wanaonekana wamekula. Sinia lilikuwa linarudi jikoni limefutwa safi, na mimi nikajua nyumba imeshiba.

Kilichomfichua ni matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika. Tangu ameota meno mwanangu alikuwa anayatafuna makavu, safarini, kazini, hata kanisani. Kila Jumapili nilimfungia ya kwenda nayo. Siku moja mke wake akafua suruali zake za kazini, akaniletea kilichokuwa mfukoni. Matobolwa yangu ya wiki iliyopita, yote, hata moja halikung'atwa.

Nikamwita jikoni, nikampakulia ugali na maharage.

"Kula hapa."

"Mayu, mimi nile jikoni na wanawake? Kule nje watanitafutia gauni."

"Watalitafuta watachoka. Kula."

Akakata tonge dogo, la kumlisha mtoto. Akatafuna muda mrefu. Likashuka kidogo, likasimama. Niliona kabisa lilivyosimama, maana shingo ilikaza na macho yakajaa machozi. Akanywa maji yalisukume, maji na tonge vyote vikarudi.

Mke wake alikuwa mlangoni. "Mama, ugali anaulowanisha kwenye maziwa. Alinikataza nisikwambie."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno."

Nikamwambia mwanangu ainue shati. Mkanda ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, na mwisho wake umezunguka hadi mgongoni. Mwili wote huo ulikuwa umeondoka mbele ya macho yetu, chini ya shati la kazi.

Habari ikatoka nje. Jirani akaja na ushauri: amelishwa nyama usingizini na wachawi, apelekwe kwa mganga akafyonzwe itoke. Nilimtimua. Mimi ni bibi, macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni, na huku kwetu najua maneno ya namna hiyo yakianza kutembea yanaishia mlangoni kwa nani. Kuna vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno kama hayo. Lakini hata bila hofu hiyo nisingekwenda. Nilikuwa nimeliona tonge likisimama.

Asubuhi tukapanda gari kwenda Shinyanga, tukafikia kwa binti yangu anayeishi mtaa wa Ngokolo. Hospitali tukapokelewa na daktari, binti mdogo tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwangalie huyu, mengine tutaongea baadaye."

Akamuuliza mwanangu maswali ambayo karasha nzima haikuuliza. Ni mate ndiyo yanakwama au ni chakula? Kilianza kukwama kigumu, kikafuata laini? Umekonda? Sauti imebadilika? Mwanangu akawa anaitikia kwa kichwa tu. Daktari akaacha kuandika. Akasema twende Mwanza, tusirudi kwanza nyumbani.

Mwanza wakampitishia mpira wenye kamera kooni. Ilikuwa saratani ya umio, njia ya chakula, chini kabisa ya pale alipokuwa anapashika. Imekua, imeenea. Waliweza kumfungulia njia ya uji tu. Alifia nyumbani msimu wa kupandikiza mpunga, mwepesi, mimi na mke wake tulikuwa tunamgeuza bila kuomba msaada.

Matanga yalipokwisha, donge likahamia kwangu. Palepale, penye shimo la shingo. Nikajua na mimi basi. Nikaanza kuyapanga mambo yangu kimoyomoyo. Mkwe wangu, mjane wa mwanangu, aliniona nikishikashika shingo, akaja na sahani, akaketi mbele yangu.

"Mama, kula nikuone."

"Unaniamrisha?"

"Nakuamrisha. Kula."

Nikakata tonge. Likashuka. Nikakata jingine, likashuka. Nikashangaa. Hata hivyo hakunikubalia kuishia hapo, akanirudisha kwa yule daktari. Alinikagua koo, akanipapasa shingo kama kuna tezi iliyovimba, akauliza naishije. Naishi kwa chai ya rangi, usiku nakula nalala hapohapo, na mchana nalia nikiwa shambani. Akasema tindikali ya tumbo inapanda na kuunguza koo, na huzuni nayo inakaza misuli yake, mtu anahisi donge ambalo halipo. Wengi wenye donge kooni wana la namna hiyo, alisema, ila hakuna anayeweza kujipimia nyumbani akajua lake ni lipi. Akanipa dawa. Akaniambia siku chakula kitakapokwama, au nikikonda, au nikitema damu, nirudi bila kungoja.

Donge langu bado linakuja siku nyingine. Mwanangu hakupewa la namna hii.

Jioni niliyorudi niliwakusanya wote kwenye shikome, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Moto utawaka kama kawaida na maongezi mtaongea. Sinia limekwisha. Kuanzia leo kila mtu ana sahani yake, na kila sahani inarudi kwangu niione. Atakayekwamwa na chakula aseme siku hiyohiyo, na asubuhi yake ni hospitali. Sitaki kisu, sitaki maziwa. Haya, sahani zile pale, kachukueni, mle niwaone."