Mama Zao Katika Nasaba

Nasaba yetu imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwenye karatasi ndefu, na kaka yangu ameifungia sandukuni kana kwamba ni hati ya nyumba. Binti yangu alipoposwa na fundi wa sola kutoka kijiji cha Mbwajumali, kaka, mkubwa wa ukoo wetu, alimwita kijana akamtaka ahesabu mababu zake. Akataja watatu. Wa nne alimtaja bibi, mkulima, kwa kuwa mumewe hakuna aliyemkumbuka. Kaka akasema posa hiyo haina jibu. Binti yangu alilia siku mbili, nami kwa hasira nikautia mchuzi chumvi mara mbili.

Mpangaji wangu wa ghorofani ni mwalimu kutoka bara, Mkristo. Nilimsimulia tukichambua mchele. Akaniambia Injili nayo ina orodha ya mababu, fulani akamzaa fulani, maana watu wa zama hizo nao hawakukusikiliza mpaka wajue wewe ni wa mlango gani. Nikamchokoza: kwetu Nabii Isa hana baba, basi orodha ya wanaume ya nini? Akacheka, akakiri kwamba hata kwao swali hilo lipo, na orodha zenyewe ni mbili na hazipatani. Lakini katika moja, alisema, mwandishi amechomeka wanawake, tena si wa kujivunia: mmoja ni mjane mgeni aliyekuwa akiokota masazo ya mavuno mashambani mwa watu. Angeweza kuwaruka, na hakuwaruka.

Sisi tuliruka. Bibi yangu aliniambia zamani, nikimsuka, kwamba mama wa babu yetu wa tano alikuwa suria aliyenunuliwa Pate, na kwao hapajulikani. Kaka alikuwapo. Alijifanya hasikii.

Alasiri ile nilikwenda kwake, nikamwomba afungue sanduku anisomee. Akasoma kwa madaha, jina baada ya jina. Alipomaliza nikamwambia, "Kaka, sasa nisomea na mama zao."

Akaikunja karatasi. Alijua ninakokwenda. Niliona haya zimemshika nikamhurumia, maana nampenda kaka yangu pamoja na majivuno yake.

"Waambie watu wa kijana waye Ijumaa, posa yao ina jibu," akasema.

Siku ya ndoa karatasi ilitolewa wageni waione. Nilisogea karibu, nikatafuta kwa kidole. Kando ya jina la tano palikuwa na jina la mwanamke. Kaka aliliandika kwa penseli, lakini aliliandika.