Medali ya Zaïre nyuma ya jikoni yetu

Tangu asubuhi situlii.

Niliazima mashini ya kutafuta vyuma, nikaipitisha kwenye parsele yetu, kiwanja cha nyumba, hapa mtaani Mapendo. Nyuma ya jikoni ikalia.

Nikachimba. Medali ya chama tawala, ile ya kuvaa kifuani wakati wa Zaïre. Sura ya rais wa wakati ule, na kofia yake ya chui, bado inaonekana.

Nikaipelekea mama. Nilijua atacheka.

Akaenda kufunga mulango.

«Zamani, kutoivaa ilikuwa makosa. Utawala ukabadilika, kuwa nayo ikakuwa makosa. Ni mimi niliifukia.»

Nikamwambia: mama, wale watu walishakufa.

«Wale, ndiyo. Irudishe udongoni. Na uchimbe chini zaidi kunipita mimi.»

Sasa nazunguka parsele na jembe, medali mufukoni.

Nyinyi mungeifukia wapi?