Makuti Yangu Yameezekea Choo

Jamani, leo makuti yangu yameezekea choo.

Mzee Charo wa Changamwe aliniagiza korija tano za nyumba yake mpya. Nimetoka Jomvu Kuu na korija ya kwanza kichwani, makuti ishirini, yote nimeshona mwenyewe.

Nafika, nasikia nyundo.

Juu ya paa yuko Kazungu, mdogo wangu, anapigilia madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yakanyooshwa.

Kazungu huyu huyu! Mwaka jana aliniambia, "Dada, tujifunze kuezeka madebe." Nikamcheka mbele za watu: "Ulale ndani ya debe, wewe mafuta?"

Leo hakunicheka. Bora angenicheka.

"Mama Kadzo, usirudi nayo," akasema Mzee Charo. "Yatafaa chooni."

Nikaezeka choo. Ningefanyaje? Na kazi hii ya makuti ndiyo iliyonijengea nyumba, sikusaidiwa na mtu.

Kazungu akashuka, akaninyooshea nyundo. "Dada, madebe bado mengi."

Nikasema mikono imechoka. Uongo. Niliogopa kujigonga kidole akiniona.

Sasa nimekaa uani na korija nne zisizo na mwenyewe.

Nyie mngeishika ile nyundo?