Mwalimu Mwahija na Nukta ya Utaridi

Mwanzoni mwa mwaka 1974, wakati joto la Lindi lilikuwa linawatoa watu vyumbani kulala barazani, fundi cherehani mmoja wa Mtanda alishona koti la baridi. Alilishona kwa blanketi zito la buluu, akalitia bitana ya kitambaa cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, kisha vifungo vinne vikubwa kama visahani. Majirani walisimama mbele ya cherehani wakauliza koti la nani.

“La mke wangu,” Abdulatifu alisema bila kuinua uso. “Anakwenda Hungaria kusomea sayari.”

“Sayari za wapi?”

“Za juu. Za chini amezimaliza.”

Walicheka, naye akacheka. Lakini walipoondoka alisikia mmoja akisema mwanamume anayemshonea mkewe koti la kumkimbia ana moyo wa ajabu. Alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie mengine.

Mkewe, Mwahija binti Bakary, alikuwa na miaka thelathini na minne, watoto wawili, na darasa la tano lenye wanafunzi hamsini na wanane katika shule moja ya msingi huko Rasbura. Baba yake alikuwa mpandisha bendera za ishara bandarini zama za Mwingereza. Uhuru ulipokuja na ofisi ikabadilisha vifaa, mzee alipewa darubini ya shaba iliyochubuka kama malipo ya kumbukumbu. Alipokufa, ndugu waligawana minazi na nyumba. Mwahija aliomba darubini, na hakuna aliyebishana naye. Kwa darubini hiyo aliona pete za sayari ya Zohali akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza, akaingia ndani kumwamsha mumewe, na Abdulatifu akatazama akasema, “Kweli, imevaa kanga.” Tangu siku hiyo alikuwa na daftari. Kila alichokiona alikiandika: siku, saa, dakika, hali ya mawingu.

Mwezi Septemba 1973 alisikia redioni mhadhiri wa fizikia akieleza kwamba tarehe kumi Novemba sayari ya Utaridi itapita mbele ya jua, na itaonekana nchi nzima kama nukta nyeusi. Mhadhiri aliwaomba watu wa mikoani wapime saa ya nukta kuingia na saa ya kutoka, na zaidi ya hapo wawaonyeshe wananchi. Atakayeleta taarifa nzuri ya mambo hayo mawili ataombewa nafasi ya miezi sita Hungaria, kwenye mafunzo ya watu wanaofundisha umma habari za sayari. Mwahija aliandika anwani kwenye kiganja kwa sababu karatasi ilikuwa mbali.

Tarehe kumi Novemba ilikuwa Jumamosi. Abdulatifu alifunga duka. Waliifunga darubini kwenye fremu ya kitanda cha kamba iliyosimamishwa uani mwa shule, na chini yake wakaweka kasha la chai lililofunikwa kaniki, lenye karatasi nyeupe ndani. Jua lilishuka kupitia darubini likatua kwenye karatasi, duara kubwa kama sahani ya wali. Mtu hakutakiwa kutazama juu. Aliinama, akaingiza kichwa chini ya kaniki, akaliona jua likiwa limelala mbele yake bila kumuumiza. Kila jua lilipohama, Abdulatifu aliisogeza fremu kwa upana wa kidole.

Saa nne na dakika arobaini na saba asubuhi ukingo wa duara ulipata kasoro ndogo. Dakika mbili baadaye nukta ilikuwa ndani yote, ndogo kuliko punje ya ufuta. Mwahija aliandika saa, akaweka alama ya penseli juu ya nukta, na kila robo saa akaweka nyingine.

Watu walikuja. Wengi walikuwa wanatoka kuchambua korosho, mikono yao myeusi kwa utomvu. Bi Samia, muuza vitumbua wa langoni, aliingiza kichwa akakaa humo muda mrefu mpaka waliokuwa nyuma wakalalamika.

“Mwalimu, jua limeota chunjua!”

“Hiyo ni dunia nyingine, Bi Samia. Kama hii yetu, ila ndogo.”

“Dunia nzima hiyo? Mbona hata chawa wa mjukuu wangu ni mkubwa kuliko hiyo?”

“Iko mbali.”

“Haya. Na huko kuna foleni ya sukari?”

Uani palilipuka kicheko. Lakini Bi Samia alirudi mara tatu siku ile, na mara ya tatu alikuja na mama yake mzazi aliyekuwa haoni vizuri, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumwelekeza mpaka bibi akasema, “Naiona.” Mpaka saa kumi jioni watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa wametazama. Mwahija aliwahesabu kwa vijiti.

Wa mwisho mwisho alikuwa Ndugu Evaristo, mratibu wa elimu ya watu wazima, katika suti ya mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri, aliyezoea kusubiriwa. Alitazama, akajifuta paji la uso.

“Na hii inamsaidia nini mkulima, Ndugu Mwalimu?”

“Inamsaidia kujua yuko wapi.”

“Mkulima yuko shambani,” alisema, akacheka, akaangalia saa yake. Saa kumi na dakika tano alipanda gari akaondoka. Saa kumi na dakika kumi na saba nukta ilitoka kwenye ukingo wa jua, na Mwahija akaiandika akiwa peke yake chini ya kaniki, machozi yakimtoka kwa sababu ambayo hakuweza kumweleza hata mumewe.

Mtumishi hakuruhusiwa kupeleka taarifa moja kwa moja. Ilibidi ipitie kwa wakubwa. Kwa kuwa lilikuwa jambo la kuelimisha umma, ilipita kwa mratibu. Mwahija aliipiga chapa mwenyewe kwenye mashine ya ofisi ya mratibu, kwa vidole viwili, na nakala mbili za kaboni. Ndugu Evaristo alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama.

“Kazi nzuri sana. Ila hili jina hapa juu.”

“Ni langu, Ndugu Mratibu.”

“Najua ni lako. Nani alisogeza kitanda? Shule ya nani? Wananchi walioacha korosho zao wakaja? Ndugu Mwalimu, wewe unafundisha siasa. Kazi ya umma haina jina la mtu. Huo ndio ubinafsi tunaoupiga vita.”

Hapa ndipo mtu angependa kusema alilazimishwa. Hakulazimishwa. Mwahija aliwafundisha watoto hamsini na wanane maneno hayo hayo kila Jumatatu, na aliyaamini. Alilima shamba la ujamaa la shule kwa jembe lake mwenyewe na hakuwahi kuuliza muhogo ulikwenda wapi. Alifikiri juu ya Abdulatifu aliyeshinda ameinama kwenye fremu ile, juu ya Bi Samia na mama yake, na akaona haya. Alichukua raba akafuta jina lake kwenye nakala ya juu, kisha kwenye ya pili, kisha ya tatu. Kaboni ilifutika kwa shida na kuacha doa la kijivu. Chini kabisa, kama kanuni ilivyotaka, mratibu akatia sahihi na mhuri.

Abdulatifu alianza kushona koti Januari, kwa imani tu, kwa sababu mhadhiri alisema redioni kwamba taarifa kutoka Lindi imekuwa bora kuliko zote. Hakutaja jina. Mwahija alitabasamu mbele ya redio.

Siku moja mwezi Machi Ndugu Evaristo aliingia dukani kwa fundi. Aliliona koti la buluu likining’inia, akaligusa.

“Fundi, hii ndiyo kazi ninayoitaka. Nipime kama hili. Nasafiri mwezi ujao, Hungaria, na nasikia huko Aprili bado watu wanavaa.”

Abdulatifu alimpima. Hakujua mtu afanye nini kingine akiwa na utepe mkononi. Alipima kifua, akapima mkono, akaandika bega kimakosa akalifuta. Jioni alimwambia mkewe huku akikunja utepe na kuukunjua.

“Ulikubali kumshonea?”

“Nilimwambia sina blanketi.”

Asubuhi Mwahija alikwenda ofisini kabla ya kengele ya shule. Ndugu Evaristo alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamwonyesha barua bila kuficha kitu. Barua ilisema nafasi inatolewa kwa mtumishi aliyeandaa taarifa ya Lindi, ambaye jina lake halikuonekana, na ofisi iliyotia sahihi inaombwa kumthibitisha.

“Sahihi ni yangu,” alisema kwa upole. “Ningejibu nini? Kwamba niliweka mhuri kwenye kazi nisiyoijua? Wangeitupa yote, na Lindi ingekosa. Tena fikiria, miezi sita, watoto wawili, mume. Watu wangesema. Mimi nitakwenda, nitarudi, nitawafundisha nyote. Ni kitu kile kile.”

“Si kitu kile kile, Ndugu Mratibu.”

“Kwa umma, ni kile kile.”

Alilotaka kusema lilianza na jina lake, na jina hilo alilifuta yeye. Chai hakuinywa. Alimwandikia mhadhiri barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi kwa kupitia wakubwa, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: mwalimu afuate taratibu.

Mratibu alirudi Novemba, amenenepa kidogo, na sanduku la picha za kuonyesha ukutani kwa taa. Mhadhara ulifanyika mchana wa Jumapili katika ukumbi wa mjini uliozibwa madirisha, na shule zote ziliagizwa kuhudhuria. Walimu wa Rasbura walipewa kazi ya kupanga viti na kushika shuka la picha. Mwahija alishika ncha ya kulia. Kwa hiyo aliusikiliza mhadhara wote picha za Mirihi na Mshtarii zikimpita mabegani, na hakuziona vizuri, kwa vile mtu anayeshika shuka huiona picha kutoka ubavuni.

Ndugu Evaristo alisema Utaridi hupita mbele ya jua kila mwaka. Mwahija aliuma midomo. Kisha Bi Samia akasimama katikati ya watu.

“Mwanangu, ile chunjua tuliyoiona pale shuleni, ndiyo hiyo?”

“Ndiyo, mama. Ndiyo niliyowaonyesha mwaka jana.”

Watu kadhaa waligeuka kumtazama Mwahija. Wengine walitazama sakafu. Mwishoni mkuu wake wa shule alimtaka atoe neno la shukrani kwa niaba ya walimu, kwa kuwa ndiye aliyependa mambo hayo. Alikabidhi shuka, akasogea mbele.

“Tunamshukuru Ndugu Mratibu,” alisema. “Utaridi haitapita tena mbele ya jua tukaiona hapa mpaka mwaka 1986. Ile ya mwaka jana ilitoka kwenye jua saa kumi na dakika kumi na saba. Ndugu Mratibu alikuwa ameondoka saa kumi na dakika tano.”

Watu walimgeukia mratibu. Ndugu Evaristo akaangua kicheko chake kizuri.

“Mnamwona mwalimu wetu! Ana saa kichwani! Mpigieni makofi!”

Na watu, kwa kufarijika, wakampigia makofi. Yalikuwa mengi kuliko yote ya siku ile. Nje, Bi Samia alimshika mkono.

“Ungesema mapema, mwanangu.”

“Nani angesikiliza?”

Bi Samia alifungua kapu lake. Alimpa vitumbua viwili kwenye gazeti, akaenda zake.

Januari uhamisho ulifika: shule ya kijijini Kitomanga, kwa manufaa ya umma. Abdulatifu alihamisha cherehani kwa lori la korosho. Koti walilichukua, huko waliifunika nalo darubini isiingie vumbi, na Mwahija hakuwahi kulivaa.

Mwaka 1976 mkaguzi alikaa nyuma ya darasa lake saa nzima. Aliandika kwamba somo lilikuwa safi na watoto walijua sayari zote kwa mpangilio. Akaandika pia kasoro moja. Mwalimu huyu huwataka wanafunzi waandike majina yao kamili juu ya kila karatasi, kwa wino, kabla ya tarehe na kabla ya kazi yenyewe, na asiyefanya hivyo hurudishiwa karatasi bila kusomwa. Tabia hiyo, mkaguzi aliandika, inaelekea kukuza ubinafsi, na mwalimu ashauriwe.

Alishauriwa. Aliitikia kwa adabu, akatia sahihi kwamba amesoma, akaandika na jina lake chini, lote, kwa wino.